Nakwenda Würzburg mwezi wa kumi, nataka kuangalia mpira wa watu wa pale pale. Nianzie wapi?

MzeeWaMwaloni

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, umri wangu miaka 58. Binti yangu wa pili anasomea uuguzi Ujerumani, mji unaitwa Würzburg, na Mungu akijaalia mwezi wa kumi nakwenda kumtembelea kwa wiki tatu. Viza imetoka, tiketi ya ndege ninayo. Limebaki jambo moja ambalo hapa nyumbani wanaona nalishikilia mno, ila kwangu ni kubwa. Nataka kwenda uwanjani.

Binti anasema, "Baba, nitakupeleka Munich ukauone uwanja wa Bayern." Namshukuru, ana moyo mzuri. Lakini Bayern naiangalia kila wiki kwenye kibanda umiza hapa mtaani, na wachezaji wao nawajua mpaka wanaokaa benchi. Nisichokijua ni mpira wa mji wenyewe, ile timu ambayo kinyozi anaishabikia, mwalimu anaishabikia, na kipa wake ukikutana naye sokoni unamsalimia kwa jina.

Hamu hii niliipata Kisumu. Mwaka 2009 nilipeleka mzigo kule kwa kupitia Sirari, malipo yakachelewa siku mbili, nikawa nimekaa gesti nimenuna. Mhudumu wa pale akaniambia leo Gor Mahia wanacheza Moi Stadium, nenda usikae hapa na mawazo. Nikaenda. Kijaluo sijui hata salamu. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja muuza karanga, akawa ananitafsiria nyimbo moja baada ya nyingine, na habari za lile Kombe la Mandela walilochukua 1987 akanisimulia kama vile lilichukuliwa juzi. Nilikuwa nimekwenda Kisumu mara nne kabla ya siku ile, lakini watu wa Kisumu nilianza kuwajua pale kwenye ngazi za uwanja.

Na mimi ni mtu wa Pamba, timu yetu ya hapa Mwanza. Nimemuona Khalfan Ngassa, baba yake Mrisho, nimemuona Fumo Felician. Timu iliposhuka nilikaa zaidi ya miaka 20 nikiisubiri irudi Ligi Kuu, mpaka ikapanda 2024. Miaka yote hiyo ya daraja la chini nilikuwa nakwenda, natandika boksi langu kwenye saruji, tuko watu wachache tunafahamiana kwa sura. Kwa hiyo timu ndogo hainitishi.

Naomba aliyewahi anieleze. Hapo Würzburg kuna timu? Tiketi inapatikanaje kwa mgeni asiye mwanachama wa kitu chochote? Mzee mweusi akienda jukwaa la kawaida, lile ambalo sisi tunaita mzunguko, atakaa kwa amani? Na je, naweza kuvaa jezi yangu ya Pamba, au kule kuna rangi za kukwepa?

Binti_Nyegezi

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa sana, kwa sababu huo mji nimeishi miaka minne na uwanja unaoutafuta nimesimama mara nyingi kuliko nilivyokaa maktaba.

Kwanza hili ulijue kabla hujapanda ndege: Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966. Utakutana na watu, hasa wazee, ambao jina la Mwanza kwao si geni kabisa. Wengine wamefika hapa kwetu kwa mambo ya kanisa, shule au hospitali. Ukiulizwa unatoka wapi, usiseme Tanzania tu. Sema Mwanza.

Timu ipo. Inaitwa Würzburger Kickers, imeanzishwa 1907, rangi yao nyekundu na nyeupe. Uwanja uko juu ya kilima kinachoitwa Dallenberg. Waliwahi kufika daraja la pili la Ujerumani, msimu wa 2016/17 na tena 2020/21, na mara zote mbili wakashuka baada ya msimu mmoja. Mimi nimewaacha wakiwa daraja la nne, Regionalliga Bayern. Kwa hiyo mzee, pale utakuta watu wanaoyajua maumivu yako vizuri sana.

Tiketi kwa ngazi hiyo haina shida. Unaweza kununua kwenye tovuti ya klabu au dirishani siku ya mechi. Omba "Stehplatz", maana yake sehemu ya kusimama, ndio mzunguko wao. Mimi sikuwahi kulipa zaidi ya yuro 15. Mechi nyingi nilizokwenda zilikuwa Ijumaa jioni au Jumamosi saa nane mchana, lakini siku na saa hubadilishwa, kwa hiyo mwambie binti aangalie ratiba tena wiki yenyewe. Jambo jingine, mwezi wa kumi huwa kuna wiki ya timu za taifa. Ligi mbili za juu husimama, ila huku chini mara nyingi wanaendelea kucheza. Msiende Munich wiki hiyo mkakuta geti limefungwa.

Kufika: panda tramu inayoelekea Heidingsfeld, mshuke chini ya kilima, halafu mpande kwa miguu taratibu. Usibebe begi kubwa, viwanja vingi vya Ujerumani havitaki lizidi ukubwa wa karatasi ya A4. Beba noti ndogo na kadi vyote viwili, kwa sababu kuna viwanja havipokei fedha taslimu.

Ukinunua kinywaji utaona wamekutoza zaidi ya bei iliyoandikwa. Hujaibiwa. Hiyo ya juu ni Pfand, amana ya kikombe. Ukirudisha kikombe unarudishiwa hela yako. Mara ya kwanza mimi sikujua, nikakitupa kikombe, mtoto wa miaka kama minane akakiokota mbele yangu akaenda kulipwa.

Jezi ya Pamba vaa bila wasiwasi, wataifurahia. Angalia tu isifanane na ya wageni wa siku hiyo, na usiende upande wa wageni. Kuhusu amani, mimi binafsi kwenye ule uwanja sijawahi kutukanwa. Sisemi Ujerumani nzima iko hivyo, maana kuna mahali pengine nimetazamwa vibaya. Pale Dallenberg nilikuwa nasimama na familia, na hapo ndipo ninapokushauri usimame, pembeni kidogo ya wale vijana wa ngoma.

Nimesahau moja. Wakifunga goli, mtangazaji anataja jina la kwanza la mfungaji, uwanja mzima unaitikia jina la ukoo. Halafu anataja magoli ya nyumbani, na ya wageni mnataja ninyi, hata kama wamefunga matatu, mnapiga kelele "Null!", yaani sifuri. Kisha anasema "Danke", mnajibu "Bitte". Jifunze maneno hayo matatu tu, utakuwa mwenyeji.

Kaka_wa_Igoma

Mzee, mimi nitakueleza upande wa Munich ili usije ukaumia nilivyoumia mimi.

Nilikuwa na siku tatu pale, nikasema sitaondoka bila kuingia Allianz Arena. Kwenye klabu tiketi zilikuwa zimekwisha. Uwanja unachukua watu 75,000 lakini wanachama wanapewa kwanza, na mechi za ligi hujaa. Nikaingia mtandao mmoja unaouza tiketi za mkono wa pili, nikalipa karibu mara nne ya bei ya kawaida. Nikapanda treni, nikashuka, nikatembea na ule umati mpaka getini, mashine ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Kijana wa getini alinitazama kwa huruma, akanionyesha kwenye simu yake kuwa namba ile imeshaingia na mtu mwingine. Nilisimama nje dakika tisini nasikia watu wanashangilia. Lile goli la kwanza nililisikia, sikuliona, na mpaka leo nikilikumbuka kifua kinabana.

Klabu zenyewe zina soko lao rasmi la wanachama kuuziana tiketi wasizozitumia. Nje ya hapo usinunue, hata akuuzie mtu mwenye sura ya malaika. Na ukitaka uwanja mkubwa, mbona Nürnberg iko jirani? Kutoka Würzburg kwa treni ni kama saa moja, uwanja wao unaingiza watu kama 50,000, na ile timu imekuwa bingwa wa Ujerumani mara 9. Mnunue ile Bayern-Ticket, ni tiketi ya treni ya jimbo la Bayern, si ya klabu, mnasafiri wawili kwa bei nafuu siku nzima. Ila inatumika kwenye treni za mkoa tu, hizi za haraka haipandi, na siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi.

Ummu_Salma

Soseji za uwanjani nyingi ni nguruwe, baba yangu. Kama huli, uliza kabla ya kuuma. Chipsi zipo.

Mkerewe_Nansio

Mimi Ujerumani sijafika, ila naunga mkono wazo la timu ndogo kwa asilimia mia. Nilikwenda London kwa dada yangu, anaishi mashariki ya mji. Shemeji akataka kunitafutia Arsenal, bei niliyoisikia ingetosha kununua mbao za mtumbwi. Nikamwambia nipeleke hapa jirani. Jirani ni Leyton Orient, uwanja uko katikati ya nyumba za watu kabisa. Kwenye kona zote nne za uwanja wamejenga maghorofa ya kuishi, na watu wametoka kwenye baraza zao na chai mkononi wanaangalia mechi bila kiingilio. Nilimuona bibi mmoja amevaa kanzu ya kulalia, anampigia refa kelele kutoka ghorofani kwake. Nikawakumbuka watu wetu wanaopanda juu ya miamba kuchungulia.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni hiki. Jumamosi saa tisa mchana, saa ambayo mechi nyingi za kule zinachezwa, Waingereza hawaruhusiwi kuziona kwenye runinga nchini mwao. Walizuia miaka mingi iliyopita ili watu waendelee kwenda viwanjani, hasa kwenye hizi timu ndogo. Sisi huku Nansio tunaziona jioni kwenye kibanda, wenyewe hawazioni. Nilipoelewa hilo ndio nikaelewa kwa nini Leyton ilikuwa imejaa wazee na wajukuu wao.

Bia pia ni tofauti. Uingereza huruhusiwi kunywa ukiwa unaona uwanja, ni sheria ya 1985. Ujerumani nasikia watu wanashika vikombe vyao palepale wanaposimama, kwa hiyo mzee angalia nguo yako goli likiingia.

Ukienda usisahau kurudi hapa utusimulie.

MzeeWaMwaloni

Wabeja sana wanangu. Nimechapisha majibu yenu yote steshenari, karatasi tatu, nakwenda nazo. Binti_Nyegezi, ukipenda zawadi ya kutoka kule niambie.

Binti_Nyegezi

Skafu mzee. Yangu niliiacha kwenye treni.

MzeeWaMwaloni

Wakuu nimerudi, wiki ya pili sasa. Nilichelewa kuandika kwa sababu nilikuta mzigo wa Ukara umenisubiri.

Tulikwenda Ijumaa, mechi saa moja usiku. Baridi ya kule nilikuwa nimeambiwa, lakini mimi nimelala kwenye boti mwezi wa sita na upepo wa ziwa, nikasema hainiwezi. Ile ya kule ni nyingine. Haina upepo, inapanda kutoka chini. Tulishuka kwenye tramu, tukaanza kupanda kilima na watu wengine, watoto na skafu zao, baba mmoja amembeba mwanawe mabegani. Taa za uwanja zikaanza kuonekana juu ya miti kabla uwanja wenyewe haujaonekana. Hapo nilisimama kidogo. Binti akadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka, moyo ulikuwa unakwenda mbio kama siku ile baba yangu aliponipeleka uwanjani mara ya kwanza.

Dirishani alikuwepo mama wa makamo. Binti akasema Stehplatz mbili. Yule mama akaniona kifuani, nilikuwa nimevaa jezi juu ya sweta mbili, akauliza ni timu ya wapi. Nikajibu mwenyewe, sikusubiri kutafsiriwa: Mwanza. Akalirudia jina vizuri kabisa, akageuka akamwambia mwenzake aliyekuwa nyuma, wote wawili wakainama kunitazama. Tiketi tulilipia kama kawaida, ila tulipoondoka alikuwa bado ananipungia mkono.

Sasa hili ndilo nililotaka kuwasimulia. Tulisimama pale pembeni ulipotuelekeza Binti_Nyegezi, karibu na nguzo. Dakika ya kumi hivi nikawa siwezi kusimama sehemu moja, nyayo zinauma kwa ubaridi wa zege, nainua mguu huu nashusha huu. Kushoto kwangu kulikuwa na mzee mwenye kofia ya sufu, kwa kumkadiria amepita miaka 70. Hakusema neno. Akainama, akachomoa kitu chini ya viatu vyake, akakipasua kwa goti vipande viwili, kimoja akanisogezea kwa mguu. Ni boksi. Boksi la kawaida la kahawia, limeandikwa jina la ndizi. Nikakanyaga juu yake, na kweli baridi ikakatika.

Nikamwambia binti amweleze kwamba kwetu Kirumba tunatandika boksi vilevile, ila sisi tunakimbia saruji ya moto. Binti akatafsiri. Yule mzee akaniangalia miguu, akaiangalia yake, akacheka mpaka akashika nguzo. Tangu hapo hatukuachana. Yeye anaongea Kijerumani, mimi Kiswahili, binti akichoka kutafsiri tunaendelea wenyewe. Mpira hauhitaji maneno mengi. Beki wao wa kushoto alikuwa anapanda halafu hashuki, mzee anaonyesha kwa kidole, mimi natikisa kichwa. Ni kosa lile lile la beki wetu mmoja.

Mpira wenyewe ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea kwa daraja la nne. Wana mbio, wanapiga pasi chini, na kiungo wao mkabaji alinifurahisha sana, kijana mfupi asiye na papara. Kipindi cha pili wakapata kona, beki wa kati akapiga kichwa, wavu ukatikisika. Mtangazaji akaita jina la kwanza, watu wakaitikia. Nilikuwa nimejiandaa tangu Mwanza. "Null!" nilipiga kwa sauti ya kumwita mchukuzi aliye ng'ambo ya Mwaloni. "Bitte!" nayo nikaipiga. Watoto waliokuwa mbele yetu wakageuka wote.

Wageni wakasawazisha dakika za mwisho, kwa uzembe wa huyo huyo beki wa kushoto. Yule mzee alivua kofia, akaifuta uso, akaivaa tena. Naijua ile hali. Filimbi ilipopigwa nikadhani watu wataondoka na matusi. Hawakuondoka. Wachezaji walikuja mpaka kwenye uzio, wakapita wanashikana mikono na watu mmoja mmoja. Kipa alinishika mkono na glovu yake imelowa, akanitazama jezi, akaniinulia dole gumba.

Wakati wa kushuka mzee aliniuliza kupitia kwa binti: timu yako ilikaa chini muda gani? Nikamjibu zaidi ya miaka 20. Akasimama. Akauliza, na wewe ulikuwa unaendelea kwenda? Nikamwambia kila mechi ya nyumbani niliyoweza, labda niwe nimesafiri na mzigo au nina msiba. Hakujibu kitu. Alinishika bega, tukashuka kile kilima kilichobaki tukiwa hivyo mpaka kwenye tramu.

Munich hatukwenda. Nürnberg tulikwenda, ni uwanja mkubwa, watu wanaimba vizuri, nilifurahi na binti alipiga picha nyingi. Ila picha niliyoiweka dukani ni ya Dallenberg.

Ummu_Salma, Mungu akubariki, nilikula chipsi. Mkerewe, bia kweli ilimwagika goli lilipoingia, ikampata binti. Tiketi zetu mbili, tramu kwenda na kurudi, chipsi na chai, vyote havikufika yuro 50. Vikombe nilivirudisha nikalipwa, na kile cha mzee nikamrudishia pia kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na yeye goti linamsumbua.

Binti_Nyegezi, skafu yako ipo, nyekundu na nyeupe. Iko kwenye droo ya juu pale dukani, nimeifunga kwenye gazeti isishike harufu ya dagaa. Njoo uichukue kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo tunakuwa tunapakia gari la Dar. Na kama Jumapili una nafasi Pamba wako nyumbani. Boksi nitabeba mawili.